Ukuaji duni wa mimba

Ukuaji duni wa mimba ni hali ya mtoto aliye tumboni kushindwa kufikia ukubwa ambao angeufikia kama angepata chakula na oksijeni ya kutosha kutoka kwa mama yake. Mtoto huyo anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au baada ya kutimiza miezi yote tisa. Kinachomtambulisha si tarehe ya kuzaliwa wala uzito peke yake, bali uwiano kati ya uzito wake na idadi ya wiki alizokaa tumboni.

Hali hii ni mojawapo ya sababu kubwa za watoto kuzaliwa wakiwa wamekufa na za vifo vya vichanga, hasa katika Asia ya Kusini na Afrika kusini kwa Sahara. Hata hivyo, watoto wengi walioathiriwa huishi na kukua vizuri ikiwa tatizo limejulikana kabla ya uchungu kuanza. Makala hii inaeleza hali yenyewe na matokeo yake kwa mtoto mchanga, kwa mifano kutoka Tanzania, ikiwemo nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma.

Maana na tofauti zake

Maneno manne yanayohusu watoto wadogo huchanganywa mara nyingi:

* Uzito pungufu wa kuzaliwa ni uzito ulio chini ya gramu 2,500, bila kujali umri wa mimba.
* Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37.
* Mtoto mdogo kwa umri wa mimba ni yule ambaye, akipangwa pamoja na watoto 100 wa jinsia yake na wa umri uleule wa mimba, anaangukia kati ya 10 walio wepesi zaidi.
* Mtoto mwenye ukuaji duni ni yule ambaye kitu fulani kimezuia kukua kwake, kwa kawaida kondo la nyuma lisilofanya kazi sawasawa.

Mfano wa watoto watatu unaonyesha tofauti hizo. Wa kwanza amezaliwa wiki ya 34 akiwa na kilo 2.1. Huyu ni njiti, lakini uzito wake ni wa kawaida kwa umri wake. Wa pili ana kilo 2.1 vilevile, ila amezaliwa wiki ya 40. Huyu amekua vibaya sana tumboni. Wa tatu ni mvulana wa wiki 40 mwenye kilo 2.6. Mizani inamwonyesha yuko juu ya kiwango cha gramu 2,500, na kwa hiyo anaweza kurudishwa nyumbani bila uangalizi wowote, ingawa kwa umri wake naye ni mdogo.

Si kila mtoto mdogo ni mgonjwa. Wazazi wenye umbo dogo wanaweza kupata mtoto mdogo mwenye afya njema. Kinyume chake, mtoto aliyekuwa akielekea kufikia kilo 3.5 akakwama kwenye kilo 2.9 anaweza kuwa hatarini ingawa uzito wake unaonekana mzuri.

Historia

Hadi katikati ya karne ya 20, karibu kila mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2,500 aliitwa njiti. Mwaka 1961 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto hao waitwe wenye uzito pungufu, kwa kuwa ilidhihirika kwamba wengi wao hawakuzaliwa kabla ya wakati.

Mwaka 1963 daktari Lula Lubchenco wa Denver, Marekani, alitoa chati iliyolinganisha uzito wa kuzaliwa na wiki za mimba. Mwaka 1967 yeye na Frederick Battaglia walipendekeza kila mtoto mchanga apangwe kwa vipimo viwili kwa pamoja: uzito na umri wa mimba. Chati ya Denver ilikuwa na kasoro moja. Mji huo uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na watoto wa sehemu za juu huzaliwa wepesi kidogo.

Mwaka 2014 mradi wa INTERGROWTH-21st ulitoa viwango vipya vya kimataifa. Viwango hivyo vilitokana na kina mama wenye afya na lishe nzuri katika nchi nane, wakiwemo wa Nairobi, Kenya, na wa Muscat, Oman. Matokeo yalionyesha kwamba mama akiwa na afya na chakula cha kutosha, watoto wa mataifa mbalimbali hukua tumboni kwa namna inayofanana sana. Kwa hiyo udogo wa watoto wengi katika nchi maskini hauwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba ndilo umbile la watu wa huko.

Jinsi hali inavyotokea

Mtoto tumboni halishwi kwa mdomo wala hapumui kwa mapafu. Sukari, protini, madini na oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mishipa ya damu ya mama inayolisha kondo hutakiwa kupanuka katika nusu ya kwanza ya mimba. Isipopanuka vya kutosha, au kondo likiharibiwa na ugonjwa, mtoto hupata pungufu ya anachohitaji.

Mwili wa mtoto hujihami kwa kubana matumizi. Damu hupelekwa zaidi kwenye ubongo na moyo, huku ini, misuli, figo na matumbo vikipunguziwa. Ndiyo maana watoto wengi wa aina hii huzaliwa na kichwa chenye ukubwa wa kawaida lakini mwili mwembamba, ngozi iliyolegea na mafuta kidogo. Wakati tatizo limeanza mapema sana, kwa mfano kwa sababu ya kasoro za kromosomu au maambukizi ya miezi ya mwanzo, kichwa na mwili huwa vidogo vyote kwa pamoja.

Sababu

Kwa upande wa mama, sababu kuu ni shinikizo la juu la damu na kifafa cha mimba, upungufu mkubwa wa damu, lishe duni, selimundu, magonjwa ya figo na moyo, VVU isiyotibiwa, kaswende, uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe. Mimba za utotoni na mimba zinazofuatana kwa karibu huongeza hatari. Kwa upande wa mtoto kuna kasoro za maumbile, maambukizi kama rubela, na mimba ya mapacha, ambamo watoto hugawana nafasi na chakula.

Malaria na kondo la nyuma

Katika Afrika Mashariki malaria ina nafasi ya pekee. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya malaria vinavyopatikana kwenye kondo hunasa kwenye kemikali maalumu iliyo huko. Hii inaeleza kwa nini mwanamke aliyejenga kinga dhidi ya malaria tangu utotoni hudhurika tena anapobeba mimba ya kwanza: kondo ni kiungo kipya kwake, na vimelea vinavyonasa humo ni vipya kwa kinga yake. Katika mimba zinazofuata kinga hiyo huanza kujengeka.

Huko Korogwe, Mkoa wa Tanga, watafiti walifuatilia wajawazito kwa altrasaundi kuanzia miezi ya mwanzo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba malaria ya mwanzoni mwa mimba, kabla ya wakati wa kuanza dawa za kinga, huathiri sana ukuaji wa mtoto. Mama anaweza kuwa na vimelea bila homa yoyote, na hivyo asijue kwamba mtoto wake ananyimwa chakula.

Utambuzi

Hatua ya kwanza ni kujua umri wa mimba. Bila hiyo, mkunga hawezi kusema kama tumbo dogo ni la mimba changa au ni la mtoto asiyekua. Umri hupatikana kwa tarehe ya hedhi ya mwisho, au kwa altrasaundi iliyofanywa mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki 24. Kikifanywa mwishoni mwa mimba, makosa ya kukadiria umri huwa ya wiki mbili hadi tatu, na mtoto aliyedumaa anaweza kudhaniwa kuwa mchanga kuliko alivyo.

Kuanzia wiki ya 24 hivi, mkunga hupima kwa utepe urefu wa tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Kwa kawaida sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 30, sentimita 30 hivi. Pengo la sentimita tatu au zaidi, au kipimo kisichoongezeka tangu hudhurio lililopita, ni sababu ya kumpeleka mama kwenye altrasaundi. Kipimo hiki si sahihi kikamilifu, lakini utepe hauhitaji umeme.

Katika hospitali zenye vifaa, altrasaundi ya dopla hupima mtiririko wa damu kwenye kitovu. Damu inayosimama au kurudi nyuma kati ya mapigo ya moyo wa mtoto ni ishara ya hatari kubwa. Mama mwenyewe pia hutambua jambo moja ambalo hakuna mashine inayoliangalia siku nzima, yaani mtoto kucheza. Mtoto aliyepunguza kucheza anahitaji kuchunguzwa siku hiyohiyo.

Matokeo kwa mtoto

Kabla ya kuzaliwa

Hatari kubwa kuliko zote ni mtoto kufia tumboni. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2013, uliohusisha zaidi ya uzazi 92,000 katika eneo la West Midlands, ulionyesha jinsi utambuzi unavyobadilisha mambo. Kwa kila uzazi 1,000, watoto waliozaliwa wafu walikuwa 2.4 pale ambapo ukuaji ulikuwa mzuri, 9.7 pale ambapo ukuaji duni uligunduliwa mapema, na 19.8 pale ambapo haukugunduliwa. Ugonjwa ulikuwa uleule, lakini kutogunduliwa kuliambatana na hatari maradufu.

Wakati wa kuzaliwa

Kila uchungu unapobana, damu inayopita kwenye kondo hupungua kwa muda. Mtoto mwenye akiba huvumilia, asiye na akiba huweza kukosa oksijeni. Baadhi hujisaidia tumboni na kuvuta kinyesi hicho cha kwanza mapafuni. Kwa sababu hiyo inashauriwa wazaliwe mahali ambapo mapigo ya moyo wa mtoto yanafuatiliwa, upasuaji unapatikana, na kuna mtu anayejua kumsaidia mtoto asiyepumua.

Saa na siku za kwanza

Akishazaliwa, mtoto huyu hukabiliwa na matatizo yafuatayo:

* Baridi. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo hupoteza joto haraka.
* Kushuka kwa sukari kwenye damu. Ini lake halikuweka akiba. Anaweza kutetemeka, kulegea, kukataa kunyonya au kupata degedege, na wakati mwingine haonyeshi dalili yoyote.
* Damu nzito. Alipokuwa akikosa oksijeni tumboni, mwili wake ulitengeneza chembe nyekundu nyingi kupita kiasi. Chembe hizo zikivunjika humletea umanjano.
* Maambukizi. Kinga yake ni dhaifu.
* Ugonjwa wa matumbo. Utumbo uliokuwa ukinyimwa damu unaweza kuvimba na kuoza, hasa kwa mtoto aliye pia njiti.

Uchambuzi wa takwimu za watoto zaidi ya milioni mbili kutoka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, uliotolewa mwaka 2013, ulikuta kwamba mtoto mdogo kwa umri wa mimba alikuwa na hatari ya kufa katika siku 28 za kwanza karibu mara mbili ya mtoto wa kawaida. Kwa njiti hatari hiyo ilikuwa karibu mara saba. Kwa yule aliyekuwa njiti na mdogo kwa umri wake, ilikuwa mara 15.

Utotoni na utu uzima

Wengi hukua haraka katika miaka miwili ya kwanza na kuwafikia wenzao. Wengine hubaki wafupi. Inakadiriwa kwamba takriban moja ya tano ya udumavu wa watoto katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati huanzia tumboni. Baadhi huchelewa kusema au hupata shida shuleni, hasa wale ambao hata kichwa kilibaki kidogo.

Katika miaka ya 1980 daktari Mwingereza David Barker alionyesha kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo ukubwani. Tafiti za baadaye zilihusisha uzito huo pia na shinikizo la damu na kisukari. Inadhaniwa kwamba mwili uliozoea kubana matumizi tumboni huendelea hivyo hata chakula kinapokuwa kingi. Hii ni hatari inayoongezeka, si hukumu: mazoezi, mlo mzuri na kutovuta sigara huipunguza.

Katika nyanda za juu za Kigoma

Wilaya za Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Heru Juu, kata iliyoko Kasulu, inabeba jina la Heru, mojawapo ya tawala za jadi za Buha. Sehemu hizi ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Utafiti wa Colorado uliotolewa mwaka 1997 ulikadiria kwamba uzito wa kuzaliwa hupungua kwa gramu 100 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa kimo cha Kasulu punguzo hilo ni dogo, na haliwezi kuwa sababu ya mtoto wa wiki 40 kuwa na kilo mbili.

Sababu zenye uzito zaidi ni malaria na lishe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 7 hivi. Utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta udumavu kwa zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa umri huo mkoani. Kigoma hulima mahindi, maharage, mihogo na ndizi, na lina samaki wa Ziwa Tanganyika, lakini si kila mjamzito wa vijijini hupata samaki, nyama au mayai mara kwa mara. Aidha, wanawake huendelea kulima na kubeba kuni na maji hadi mwishoni mwa mimba.

Kasulu na Kibondo pia zimepokea wakimbizi wengi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na tangu mwaka 2015 imepokea Warundi pia. Kambi ya Nduta iko Kibondo. Mgao wa chakula kambini umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2017, na upungufu wa namna hiyo huwagusa kwanza wajawazito na wanaonyonyesha.

Kuchelewa kuanza kliniki huongeza tatizo. Kwa mujibu wa utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, ni asilimia 24 tu ya wajawazito Tanzania walioanza kliniki kabla ya mwezi wa nne. Anayeanza mwezi wa sita, bila kukumbuka tarehe ya hedhi, humwachia mkunga kukisia umri wa mimba. Baadaye mtoto akizaliwa na kilo mbili, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama aliwahi kuzaliwa au alikosa chakula tumboni.

Tangu mwaka 2006, mpango uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies na kuendelezwa na shirika la Thamini Uhai ulisaidia vituo vya afya vya Mkoa wa Kigoma kutoa huduma za dharura za uzazi. Vyumba vya upasuaji vilijengwa, na madaktari wasaidizi walifundishwa kufanya upasuaji wa uzazi. Lengo kuu lilikuwa kupunguza vifo vya kina mama, lakini upasuaji ulio karibu humfaa pia mtoto asiyeweza kuvumilia uchungu mrefu.

Matunzo ya mtoto mchanga

Hakuna dawa inayoponya kondo lililochoka. Tiba ni kumfuatilia mtoto na kuchagua wakati wa kumzalisha, kwa kupima hatari ya kubaki tumboni dhidi ya hatari ya kuzaliwa njiti.

Mtoto akizaliwa hukaushwa, huwekwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi na kunyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza. Hapaswi kuogeshwa siku hiyo. Hunyonyeshwa kila baada ya saa mbili hadi tatu, hata kama itabidi aamshwe. Asiyeweza kunyonya hupewa maziwa yaliyokamuliwa, kwa kikombe au mpira wa kulishia. Pale penye kipimo, sukari ya damu huangaliwa.

Njia ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani muda mrefu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwahusu watoto wa kilo 1.0 hadi 1.799. Walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie, vifo vyao vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 kwa waliosubiri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo ianze mara moja kwa watoto njiti na wenye uzito pungufu. Baba, bibi au shangazi anaweza kumbeba mtoto wakati mama anapumzika.

Kinga

Njia zinazojulikana kupunguza ukuaji duni ni hizi:

* Kuanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza na kuandika tarehe ya hedhi ya mwisho.
* Kulala ndani ya chandarua chenye dawa tangu mwanzo wa mimba, kwa kuwa vidonge vya SP havitolewi kabla ya wiki ya 13.
* Kumeza SP kliniki angalau mara tatu kwa kuachanisha mwezi mmoja. Utafiti uliofanyika Kenya, Malawi na Tanzania na kutolewa mwaka 2023 ulikuta kwamba dawa mpya iliyolinganishwa na SP haikuleta matokeo bora ya uzazi, ingawa vimelea vimekuwa sugu kwa SP. Wenye VVU wanaotumia kotrimoksazoli hawapewi SP.
* Kupima damu, shinikizo la damu, kaswende na VVU, na kutibiwa mapema.
* Kumeza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Utafiti wa Dar es Salaam uliotolewa mwaka 2007, uliohusisha wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na VVU, ulionyesha kwamba kuongeza vitamini mbalimbali kulipunguza watoto wadogo kwa umri wa mimba kutoka asilimia 13.6 hadi 10.7.
* Kutumia asprini ya kiasi kidogo, kwa maelekezo ya mtaalamu tu, kwa wenye hatari kubwa ya kifafa cha mimba.
* Kuacha pombe na sigara, kupunguziwa kazi nzito, na kupanga uzazi.

Tarehe iliyoandikwa mapema kwenye kadi ya kliniki haigharimu chochote, lakini ndiyo inayoipa maana namba ya utepe, picha ya altrasaundi na uzito unaosomwa kwenye mizani siku mtoto anapozaliwa.

Tazama pia

* Kondo la nyuma
* Mtoto njiti
* Kifafa cha mimba
* Malaria
* Mkoa wa Kigoma